Mabawa Yaliyogoma Kuingia Kwenye Bajaji

Siku ya Simba Day, sherehe ya klabu ya soka ya Simba ambayo kwa kawaida huangukia Agosti, panda daladala yoyote inayoelekea Temeke. Hutakosa kukaa jirani na mtu mzima, baba wa watoto, aliyejipaka rangi nyekundu na nyeupe usoni. Kichwani kavaa manyoya ya simba aliyoshona mwenyewe kwa uzi wa kufumia, na mkia umemning'inia nyuma ya suruali. Konda atamwambia, "Mzee, vuta mkia nifunge mlango," na safari itaendelea. Hakuna atakayeuliza mambo haya yametoka wapi. Lakini kijana wa Mbagala akitoka nyumbani amevaa kama mhusika wa anime, zile katuni za Kijapani, mtaa mzima unasema mtoto kaharibikiwa.

Ninapoitwa kushauri vikundi vya kosiplei, yaani sanaa ya kuvaa na kuigiza wahusika, huanza na mfano huo, maana wawili hao wanafanya kitu kilekile: wamempenda mhusika, wamemshona, wamemvaa, wanamwigiza mbele za watu. Neno kosiplei lilizuka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jambo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1939, kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi mjini New York, Forrest Ackerman alitokea amevaa kama mtu wa zama zijazo, na jina lake likabaki vitabuni. Aliyeshona vazi lile ni Myrtle Douglas, na yeye mwenyewe alivaa la kwake siku hiyohiyo. Wanaomtaja ni wachache. Hadi leo fundi cherehani ndiye anayesahaulika, hata kwenye matamasha yetu.

Pwani hii nayo ilianza mapema. Ngoma ya beni ilichipuka Mombasa na Lamu miaka ya 1890, ikafika Dar es Salaam, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wachezaji walivaa sare zilizoigwa kwa maofisa wa Kizungu, wakapeana vyeo vya kingi, jenerali na admirali, wakapiga gwaride mjini. Mahasimu wakubwa hapa Dar walikuwa Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa wa mavazi kama ulivyokuwa wa ngoma. Kinachonivutia mimi, hata hivyo, si zile sare. Vyama vile vilikuwa na viongozi na michango, na mwanachama aliyeugua au kufiwa alisaidiwa na wenzake. Gwaride lilikuwa kilele tu cha kazi ya kikundi. Waandaaji wengi wa leo huanza na kilele: wanatafuta spika, jukwaa na mshereheshaji, kisha wiki moja kabla ndipo wanauliza nani atavaa nini.

Ndiyo maana mtu akinijia na bajeti yake, huangalia kwanza ametenga kiasi gani kwa miezi mitatu ya kabla ya tamasha. Mara nyingi hakuna hata senti. Namwambia apunguze spika, akodi chumba chenye cherehani mbili na pasi, kifunguliwe kila Jumamosi. Huko ndiko vipaji vinakolelewa. Sponji ya godoro kuukuu, soli za malapa, mikeka laini ya kuchezea watoto na gundi ya fundi viatu vinatosha kutengeneza ngao, mabega ya chuma na pembe. Nguo za msingi zinapatikana kwenye mitumba ya Tandika au Karume, ukiwa na jicho la kuona koti ndani ya pazia. Madirisha yawe wazi lakini, maana gundi ile inapanda kichwani haraka kuliko wanavyodhani.

Na fundi wa mtaani asiwe mtu wa kutumwa. Aalikwe Jumamosi, alipwe, na siku ya tamasha jina lake lisomwe pamoja na la aliyevaa. Nimeona mzee wa cherehani aliyezoea kufupisha suruali akikaa saa nzima na binti wa kidato cha tatu, wakibishana jinsi ya kuifanya kola isimame bila waya. Yule mzee alitoa jibu kutoka kwenye kanzu: kitambaa kigumu cha ndani, tabaka mbili, kipigwe pasi kabla ya kushonwa.

Vibali ni kazi ya miguu tu. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nenda kwa afisa utamaduni wa manispaa, kisha polisi na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Angalia ramani kwanza: wapo wanaopeleka barua Kinondoni kwa shughuli ya Manzese, wakati Manzese iko Ubungo tangu manispaa zilipogawanywa. Kama utapiga muziki wa watu wengine, tafuta na leseni ya hakimiliki.

Lililo zito zaidi ni sare. Watu wa beni walijivika ujenerali mbele ya mkoloni. Leo mhusika wa kijeshi anaweza kuliua tamasha lako kabla halijaanza. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Wahusika wengi wa michezo ya video huvaa mabakamabaka, kwa hiyo kijana aambiwe kabla hajanunua kitambaa: abadili rangi au abadili mhusika. Silaha vilevile. Upanga wa sponji unachekesha. Bunduki ya plastiki iliyopakwa rangi nyeusi, ikionekana kituoni saa moja usiku, haimchekeshi mtu.

Tarehe ichaguliwe kwa kuangalia mbingu. Machi hadi Mei ni masika, na boksi likilowa halina ushujaa tena. Februari joto humpika mtu ndani ya barakoa, na gundi nayo inalegea. Kati ya Juni na Septemba jua lina adabu. Hata wakati huo, weka kivuli, maji, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwafungulia wavaaji vichwa kila baada ya muda mfupi.

Wazazi wahakikishiwe mapema chumba cha kubadilishia nguo ni kipi na nani ana ufunguo, wasichana upande wao, wavulana wao, na hakuna picha ndani. Bila hilo mabinti wa Mbagala na Mwananyamala hawatakuja, na wazazi wao watakuwa na haki. Kwa anayevaa ushungi, jibu limeshapatikana Indonesia na Malaysia, ambako wavaaji hukunja na kupanga ushungi wa rangi ya nywele za mhusika mpaka unakuwa nywele zenyewe. Na yeyote anayedhani lazima ajipake poda nyeupe ili afanane na mhusika aambiwe kwamba Marekani, mwaka 2015, Chaka Cumberbatch alianza kuwahamasisha wavaaji weusi kuonyesha kazi zao kila siku ya Februari, wakiwa na ngozi zao. Mhusika anakaa kwenye mwendo na vazi.

Hapo kwenye mwendo ndipo tulipo dhaifu. Nimekaa meza ya majaji mara kadhaa, na washiriki wengi hufanya yaleyale: anapanda, anasimama, ananyanyua mkono, anapigwa picha, anashuka. Vazi la miezi miwili linamalizika kwa sekunde ishirini. Dawa yake haihitaji fedha. Kwenye mazoezi huwa namtuma mtu kwa mama ntilie akanunue chapati mbili akiwa mhusika wake tangu mlangoni hadi chenji. Shujaa mwenye kiburi anapokeaje chenji? Jini linakaaje kwenye benchi? Akirudi, wenzake wanamwambia wapi alisahau.

Anayevaa barakoa akajifunze kwa Wamakonde, ambao wamejaa kwenye viunga vya Dar. Barakoa yao ya lipiko hufunika kichwa chote, na mchezaji huona kupitia tundu la mdomo. Uso haucheki wala haukunji ndita, kwa hiyo shingo na mabega ndiyo yanayosema. Walimu wa mwili nao wapo karibu: Mburahati kuna Baba Watoto, wanaofundisha watoto sarakasi, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa, kimekuwa kikifundisha wasanii tangu 1981.

Katika alama, mimi hutoa nusu kwa uigizaji, na aliyenunua vazi lililo tayari aseme hivyo bila aibu, ahukumiwe kwa kuigiza tu. Ningependa pia zawadi ya peke yake kwa mhusika wa kwetu. Tuna Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, tuna Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani, tuna Kinjeketile wa tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya 1969. Kijana akipanda kama Chakubanga, bibi aliyekuja kumchunga mjukuu ndiye atakayecheka wa kwanza, na mwaka ujao ataleta wajukuu wanne.

Tamasha moja nililosaidia, kijana wa kwanza kutoka nyumbani ndiye aliyefika wa mwisho. Alikuwa na mabawa ya sponji na waya, kila moja mita moja na nusu, yamepakwa rangi manyoya kwa manyoya. Bajaji ya kwanza ikamkataa, ya pili ikajaribu kumwingiza kinyumenyume, bawa moja likapinda. Akaamua kutembea kutoka Rangi Tatu, wadogo zake wawili wakishika ncha huku na huku kama wabeba shela la bibi harusi, bodaboda wakimpigia honi njia nzima. Alipofika mashindano yalikuwa yamekwisha. Tulimpandisha jukwaani hivyohivyo, akacheza dakika nne na bawa lililovunjika, akaliburuta kama ndege aliyepigwa manati, na watu waliokuwa wanaondoka wakarudi.

Hakupata kombe, lilikuwa limeshatolewa. Jumamosi iliyofuata nilifungua chumba kama kawaida, nikidhani nitakaa peke yangu. Walikuja saba. Yeye alikuja na bawaba nne za mlango wa kabati mfukoni, akauliza kama ninajua pa kukodi drili.