Nzito, Ghali, Kaidi: Mabingwa wa Kompyuta na Simu

Osborne 1 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, na matangazo yake yaliwaahidi wanunuzi kompyuta ya kubeba. Ilitoka Marekani mwaka 1981 kwa bei ya dola 1,795, ikiwa na ukubwa wa cherehani iliyofungwa kwenye sanduku lake. Ukiilaza na kufungua mfuniko, ambao ndio uliokuwa kibodi, unakutana na kioo cha inchi 5 katikati ya matundu mawili ya diski. Kioo hicho kilionyesha herufi 52 kwa mstari, ilhali mstari kamili ulikuwa na herufi 128. Aliyetaka kuusoma mwisho wa sentensi aliyoiandika mwenyewe ilimbidi abonyeze vitufe maandishi yasogee. Betri haikuwamo. Ulikuwa unaichomoa ofisini, unatoka nayo jasho njiani, kisha unaichomeka nyumbani.

Watu waliigombania hata hivyo. Hakukuwa na nyingine iliyokuja na programu za kuandikia na kupigia hesabu kwa bei ile. Miaka miwili baadaye kampuni ikafilisika, na inasimuliwa kwamba mwenyewe, Adam Osborne, alichangia kuizika kwa kuanza kuisifu kompyuta yake ijayo wakati ya sasa bado imejaa ghalani. Wateja wakaamua kusubiri. Mpaka leo, mfanyabiashara akiropoka mapema namna hiyo, wenzake wa fani humtajia jina la Osborne.

Vitabu vya rekodi hupenda kasi na ukubwa. Mtumiaji wa kawaida ana mizani yake: chombo kinabebeka? Kinakaa na chaji? Kikidondoka je? Mabingwa wanaofuata nimewapima kwa mizani hiyo, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta kompyuta za maelfu ya dola zinapigwa mwereka na simu ya tochi.

Chaji ovyo kuliko zote

Hapa ushindani ni mkali. Motorola DynaTAC 8000X, simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa madukani, iliingia sokoni Marekani mwaka 1984 kwa dola 3,995. Kuijaza chaji kulichukua takriban saa 10, na chaji hiyo ilikupa mazungumzo ya kama dakika 30. Martin Cooper, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo na aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi katika barabara ya New York tarehe 3 Aprili 1973, hutania kwamba betri haikuwa tatizo, kwa sababu hakuna ambaye mkono wake ungeweza kuishikilia simu nzito vile kwa muda mrefu zaidi.

Mimi lakini kombe nalipeleka kwa Macintosh Portable ya mwaka 1989. Ilikuwa na kilo 7 na ushee, bei yake ilizidi dola 6,000, na betri yake ilikuwa ya risasi na asidi, ya ukoo mmoja na ya gari. Kwa saa ilizokaa na chaji haikuwa mbaya hata kidogo. Ubaya ulikuwa kwenye mpangilio: umeme wa ukutani haukuifikia mashine moja kwa moja, ulipitia kwenye betri. Betri ikifa, kompyuta haiwaki hata ukiichomeka kwenye soketi. Wenye laptopu kuukuu wanaoishi na waya ukutani mwaka mzima wataelewa mara moja dhambi hii ina ukubwa gani. Ajabu ni kwamba mashine hiyohiyo ina rekodi ya heshima: Agosti 1991, wanaanga wa chombo Atlantis waliitumia kutuma baruapepe ya kwanza kutoka angani. Huko juu, bila shaka, kilo saba hazimlemei mtu.

Na kulikuwa na aliyepatia mapema kabisa. TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983 ilitumia betri nne ndogo, zile za redio na tochi ambazo kila duka la mtaani huuza, na ikafanya kazi hadi saa 20. Kioo chake kilionyesha mistari minane tu ya maandishi. Waandishi wa habari waliipenda mno, maana waliandika popote na kutuma habari ofisini kwa waya wa simu. Miaka zaidi ya arobaini baadaye bado kuna laptopu mpya zisizofikisha saa 20, na hakuna anayeona aibu.

Mzee kuliko washindi wote

John Goodenough alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Hakuna aliyewahi kupokea Nobel yoyote akiwa na umri mkubwa zaidi. Kazi iliyompa tuzo aliifanya Oxford mwaka 1980: aligundua kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuhifadhi chembe za lithiamu na kuziachia bila kuharibika, jambo lililowezesha betri kuwa nyepesi na bado ikawa na nguvu. Chuo chenyewe hakikutaka kulipia hataza. Sony wakaipeleka betri ya lithiamu sokoni mwaka 1991, na tangu hapo karibu kila kitu kinachoingia mfukoni kinaendeshwa nayo.

Inapokosewa, haichezewi. Agosti 2006 Dell waliziita kiwandani betri milioni 4.1 za laptopu, zilizotengenezwa na Sony, kwa hofu ya kushika moto. Vifaa vya elektroniki vya nyumbani havikuwa vimewahi kurudishwa kwa wingi ule. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Samsung Galaxy Note 7, simu iliyokatazwa hadi ndani ya ndege. Iliondolewa sokoni moja kwa moja miezi miwili tu tangu izinduliwe.

Ghala zito, ufunguo mfupi, barua chafu

IBM walipotoa ghala la kwanza la diski ngumu mwaka 1956, lilikuwa kabati la diski 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, lenye uzito wa takriban tani moja, na lilihifadhi herufi milioni 5. Picha moja ya kamera ya simu ya leo inaweza kukosa nafasi humo. Flashi za kwanza, mwaka 2000, zilibeba megabaiti 8, nazo zikaingia kwenye mnyororo wa funguo. Kutoka tani moja hadi kidoleni ndani ya miaka 44: sijui chombo kingine cha ofisini kilichokonda namna hiyo.

Flashi ina rekodi nyingine ambayo hakuna aliyeiandika kitabuni. Katika miji yetu, hakuna kitu kilichobeba virusi vingi kuliko flashi ya mwanafunzi anayekwenda kuchapisha kazi yake dukani. Anaichomeka kwenye kompyuta ya duka, anasubiri, anaifungua: folda zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato, na kila anapobonyeza hakuna kitu. Mwenye duka hashtuki. Anaingia anakojua yeye, anafichua mafaili yaliyofichwa, anachapisha, anachukua hela yake. Kirusi kinabaki dukani kumsubiri mteja anayefuata.

Kwa kasi na fedheha, bingwa ni kirusi cha ILOVEYOU. Kilianzia Manila tarehe 4 Mei 2000, kikijifanya barua ya mapenzi. Ukiifungua, kinajituma kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yako ya anwani, kwa jina lako. Mkuu wa idara akawatumia vijana wake barua ya mahaba, nao wakaifungua, kama ambavyo mtu yeyote angeifungua. Bunge la Uingereza lililazimika kuzima baruapepe zake. Kijana aliyekitengeneza, Onel de Guzman, hakushtakiwa, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria iliyomhusu. Ilitungwa baada ya mambo kuharibika.

Ufunguo uliobonyezwa kwa hasira kuliko wote hauna mpinzani: Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Ulibuniwa na David Bradley wa IBM mwaka 1981, wakati wakiunda kompyuta yao binafsi kule Boca Raton, Florida, ili mafundi waiwashe upya haraka. Alichagua vitufe vilivyo mbalimbali makusudi, mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Miaka ishirini baadaye, jukwaani pamoja na Bill Gates, Bradley alitania kwamba yeye aliibua kitu lakini Gates ndiye aliyekipa umaarufu. Ukumbi ukacheka. Gates hakucheka sana.

Nchi kaidi

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Mfumo wa hesabu za serikali kwa kompyuta ulikuwa umeleta hasara na vurugu, fedha za kigeni zilikuwa haba, na wakubwa wakaona heri leja na kalamu. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Ni rahisi kuwacheka leo, lakini mtu aliyewahi kupanga foleni kwenye kaunta akaambiwa "mtandao uko chini, rudi kesho" atawaonea huruma kidogo. Mwaka 2004, miaka 30 baada ya marufuku, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili tupu.

Simu rahisi kuliko zote

Ujumbe mfupi wa kwanza duniani ulitumwa tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth huko Uingereza. Ulikuwa salamu za Krismasi, na aliuandikia kwenye kompyuta, kwani simu za wakati ule zilipokea maandishi bila kuweza kuyaandika. Sawa. Lakini hata ujumbe hulipiwa. Kubipu hakulipiwi. Jonathan Donner, mtafiti Mmarekani, aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, akitumia zaidi mambo aliyoyaona Rwanda, na kila aliyewahi kuishiwa vocha atazitambua: mwenye nacho ndiye anayepiga, na kijana anayemtongoza binti asithubutu kumbipu. Bando za bei nafuu zimeipunguza sana desturi hii. Hata hivyo, kwa kutoa huduma kubwa bila kumlipa mtu yeyote, rekodi ni yake.

Walionunuliwa kuliko wote

Kwa kompyuta, jina ni Commodore 64. Ilitoka mwaka 1982 kwa dola 595, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, na iliuzwa kwa wingi kuliko modeli nyingine yoyote: makadirio ni kati ya milioni 12.5 na milioni 17. Mwanzilishi wa kampuni, Jack Tramiel, alizaliwa Poland, akanusurika kambi ya Auschwitz, na Marekani alianza maisha kama fundi wa taipureta huko New York. Labda ndiyo maana alijua bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimeza.

Kwa simu, hata Commodore inabaki ndogo. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250. Ilikuwa na gramu 86. Vitufe vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira, vumbi lisipenye, na ubavuni ilinakshiwa isiteleze kwenye kiganja chenye jasho. Ukishikilia kitufe cha C, taa juu ya kichwa chake inawaka. Tanzania tukaiita kitochi, Kenya wakaiita mulika mwizi, na ukoo mzima wa simu za bei nafuu ukarithi majina hayo. Kampuni ilitaja hadi saa 400 za chaji ikiwa imetulia, zaidi ya wiki mbili. Kwa mtu anayepeleka simu kuchajiwa dukani kijiji cha pili, tofauti ya siku mbili na wiki mbili ni nauli. Simu ya bilioni moja ya Nokia, mwaka 2005, ilikuwa 1100, nayo iliuzwa Nigeria. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 ilipita kwenye menyu ya laini, hivyo simu za namna hii zikatosha kuwa benki.

Ina hata kituko chake. Mwaka 2009 iliripotiwa Ulaya kwamba wahalifu walikuwa tayari kulipa hadi euro 25,000 kwa zile zilizotengenezwa kiwanda cha Bochum, Ujerumani, wakiamini zinaweza kuchezewa ili kuiba ujumbe wa benki.

Betri ya 1100, BL-5C, ndiyo ninayoipa taji la jumla. Redio ndogo za flashi zinazouzwa sokoni zinaitumia hadi leo, na ukikwama unaweza kuitoa kwenye redio ukaitia kwenye simu. Rekodi ya milioni 250 sioni ikivunjwa: kampuni sasa hutoa modeli mpya kila baada ya miezi michache, na mauzo yanagawanyika. Kama ya kwako bado iko kabatini, kabla hujaiwasha fungua mgongo, toa betri na uilaze mezani. Ikikaa bapa, ichaji. Ikiwa imevimba na inazunguka ukiisukuma kwa kidole, usiitie kwenye chaja, nunua nyingine.