Aliyezichora Nyumba Kabla Hazijabomolewa

Nyumba ndogo yenye paa la nyasi, maua tele uani, na mama kasimama mlangoni amempakata mtoto: picha za namna hii zimechapwa hata kwenye kalenda, ilhali wengi wazitazamao hawalijui jina la Bibi Helen Allingham.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1848. Baba yake, daktari, alifariki kwa dondakoo mwaka 1862, binti akiwa na umri wa miaka 13. Njia ya sanaa ilikwisha funguliwa na Laura Herford, ndugu wa mama yake, ambaye mwaka 1860 alipeleka michoro katika shule ya Royal Academy, London, akiwa ameandika herufi za kwanza tu za majina yake. Wakubwa wakadhani ni mwanamume, wakampokea! Helen naye aliingia mwaka 1867.

Mwaka 1881 yeye na mumewe, mshairi William Allingham, walihamia Sandhills, katika jimbo la Surrey. Huko nyumba za kale zilikuwa zikibomolewa au kubadilishwa sura. Bibi Allingham akazichora. Na palipokwisha tiwa dirisha jipya, yeye kwenye karatasi alirudisha la zamani. Unyevu wa kuta na ujira duni wa mkulima havionekani kabisa katika picha zake, na kwa hilo anastahili kulaumiwa kidogo.

Lakini kazi yenyewe ni ngumu. Rangi za maji hushikanishwa kwa gundi ya mti wa jamii ya mgunga, ambayo kwa miaka mingi imetoka Sudan. Weupe ni karatasi yenyewe; kwa hiyo alipotaka ua dogo ling'ae, aliikwangua rangi kwa kisu.

Mumewe alifariki mwaka 1889, akamwachia watoto watatu, na brashi ndiyo iliyowalea. Mwaka uliofuata, chama cha kifalme cha wachoraji wa rangi za maji kilimpokea kuwa mwanamke wa kwanza mwenye uanachama kamili.

Nawe mama mwenye nyumba, ukijaliwa kuwa na picha ya rangi za maji, usiitundike mkabala na dirisha. Wanasayansi Russell na Abney walithibitisha mwaka 1888 kwamba mwanga huzifubaza rangi nyingi za aina hiyo. Itafutie ukuta usiofikiwa na jua, tena usio na unyevu.