Unakodi Gari Kwenda Tanga? Kamilisha Haya Kabla ya Kufika Lunga Lunga

Kila likizo, familia nyingi za Kwale huvuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga kwa harusi, matanga au matembezi. Asiye na gari hukodi Ukunda au Mombasa. Safari yenyewe ni fupi: kutoka Horohoro, upande wa pili wa mpaka, hadi mjini Tanga ni takribani kilomita 65. Hata hivyo, ukishavuka uko nchi nyingine, tena na gari lisilo lako. Mambo haya yatakuepusha na usumbufu.

Stakabadhi

Mweleze mwenye gari mapema kwamba unakwenda Tanzania, na mkataba useme hivyo waziwazi. Mwombe barua ya idhini iliyotiwa sahihi, yenye jina lako na nambari ya usajili wa gari, pamoja na nakala ya logibuku. Bila hizo, huna cha kuwaonyesha maafisa wa forodha kwamba gari hilo umepewa kwa hiari.

Mpakani utapata kibali cha muda cha gari. Angalia tarehe ya mwisho, na unaporudi hakikisha kuondoka kwa gari kumenakiliwa. Abiria wote wabebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Leseni ya udereva ya Kenya inatambulika Tanzania.

Bima

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Bima ya kawaida ya Kenya huenda ikaishia mpakani, ndiyo maana unahitaji Kadi ya Manjano ya COMESA. Tanzania ilijiondoa COMESA mwaka 2000, lakini bado inaitambua kadi hiyo.

Kumbuka kwamba kadi hiyo hulipia madhara utakayowasababishia wengine. Haitengenezi gari ulilokodi. Muulize mwenye gari kama bima yake kamili inafanya kazi Tanzania. Jibu likiwa hapana, ukigonga mti njiani gharama huenda ikawa yako yote. Pia, piga picha za gari pande zote kabla ya kulichukua.

Barabarani

Tanzania huendesha kushoto, kama sisi. Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki hufuatilia. Simama mtu anapovuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Abiria wafunge mikanda. Hakikisha gari lina pembetatu za onyo na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na muda.

Ukitozwa faini, ilipe kwa njia rasmi na udai risiti. Epuka kusafiri usiku, kwani mifugo na magari yasiyo na taa ni vigumu kuyaona. Kwa dharura, piga 112.

Ndugu mkazi, ulizia haya siku ya kukodi. Ukiyagundulia mpakani, huenda ikakubidi kugeuza gari na kurudi Ukunda huku harusi ikiendelea.