Ua, Kiua au Kijiua? Tatizo la Istilahi katika Jamii ya Alizeti

Kandokando ya vijia na mashamba madogo ya Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, huota magugu mawili ya jamii ya alizeti: kishonanguo na bangi mwitu. Wasemaji wa Kikuyu huyaita mũceege na mũbangi. Yote mawili asili yake ni Amerika.

Mwaka 1753 Linnaeus aliorodhesha kishonanguo kwa jina la Bidens pilosa. Bidens ni Kilatini, maana yake “meno mawili”, yaani miiba iliyo kwenye ncha ya tunda. Kwa hiyo Kilatini na Kiswahili vimetazama kiungo kilekile: Kilatini kimehesabu meno, Kiswahili kimetaja kazi yake, kwani ndiyo yanayoshika nguo ya mpita njia na kueneza mbegu.

Ugumu huanza katika neno “ua”. Katika jamii hii, kinachoitwa ua moja ni kichwa chenye maua mengi madogo, yaliyokaa juu ya kitako kimoja na kuzungukwa na vijani vya kukinga. Kila ua dogo lina petali zilizoungana na ovari iliyo chini yake, itakayotoa tunda kavu la mbegu moja. Vifuko vya chavua vimeshikamana kuwa mrija. Shingo ya ovari inaporefuka ndani yake, huisukuma chavua nje. Sepali zimegeuka nywele, magamba au, kama katika kishonanguo, miiba. Hata kila “petali” ya manjano ukingoni mwa alizeti ni ua zima, ingawa halizai.

Mwalimu akisema tu kwamba “ua la alizeti lina petali nyingi”, amepotosha. Yahitajika istilahi mbili: moja ya kichwa, nyingine ya ua dogo. “Kichwa cha maua” chatosha kwa ya kwanza. Kwa ya pili, umbo “kiua”, wingi “viua”, lina kasoro: lagongana na kitenzi “kuua”, kama katika “kiuawadudu”, na pareto, ambayo hutoa dawa ya kuulia wadudu, ni ya jamii hiihii. “Kijiua”, wingi “vijiua”, huepusha mgongano huo, na kanuni yake ya udogoshaji tayari imo katika lugha.