Ruzuku ya Haki ya Mazingira: Inalipia Nini, Inaacha Nini

Matangazo ya mifuko inayosaidia vikundi vya jamii siku hizi hutaja mambo mawili kwa pamoja: haki ya mazingira na elimu ya mazingira. Vikundi vya mitaani huyasoma, huandaa andiko la mradi, na vichache kati yake hupata fedha. Tufuate fedha hizo hatua kwa hatua, tuone ni lipi kati ya mambo hayo mawili linalolipiwa kweli.

Tuanze na maana. Ruzuku ni fedha ambazo mpokeaji hatakiwi kuzirudisha, ila amefungwa na makubaliano: zitumike kwa kazi iliyoandikwa, katika muda ulioandikwa, na kila shilingi itolewe hesabu. Elimu ya mazingira ni kazi ya kuwapa watu maarifa kuhusu ardhi, maji, hewa na viumbe, pamoja na ujuzi wa kuvitunza. Haki ya mazingira ina pande mbili. Upande wa kwanza ni mgawanyo: nani anaishi jirani na jaa au kiwanda, na nani anafaidika kwa kuwepo kwake. Upande wa pili ni sauti: nani aliulizwa kabla ya kibali kutolewa, na nani ana njia ya kudai fidia madhara yakitokea. Watoto wakipanda miti shuleni, elimu imetolewa. Haki bado haijaguswa.

Mfano wa Mombasa unatusaidia kuona tofauti hiyo. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda huko Mikindani wenye wakazi wapatao 3,000. Jirani kabisa na nyumba zao kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi wake ulitanda juu ya paa za mabati, na majitaka yake yakateremka mtaani. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini pole pole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe pindi mtu anapopatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu. Kwa mtoto mdogo sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua, na dawa hairudishi kilichokwisha kuharibika.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu ripoti ya athari za mazingira. Ripoti ilionyesha hatari kwa majirani, na uongozi haukuifuata. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Omido aliacha kazi na kuanzisha shirika la kutetea haki ya mazingira, CJGEA. Mwaka 2012 alikamatwa kwenye maandamano. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman. Kesi ya wakazi ilifunguliwa mwaka 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Julai 2020 mahakama hiyo iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe. Lisiposafishwa, zilipwe shilingi milioni 700 kwa ajili ya kazi hiyo. Sehemu kubwa zaidi ya lawama iliiangukia NEMA, mamlaka ya serikali yenye wajibu wa kusimamia mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu Omido aajiriwe hadi uamuzi huo, ilipita miaka 15.

Tukishika muda huo akilini, tutazame sasa jinsi ruzuku inavyosafiri. Mfano unaofahamika sana katika nchi zetu ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani. Ulianzishwa mwaka 1992, mwaka wa mkutano wa Rio kuhusu mazingira, unaendeshwa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na umefika katika nchi zaidi ya 120, Kenya na Tanzania zikiwamo. Fedha hazipiti wizarani; hufika moja kwa moja kwa kikundi au asasi. Katika kila nchi kuna mratibu na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini, na kamati hiyo ndiyo inayochagua miradi. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa mradi mmoja kilikuwa dola 50,000. Huu ni utaratibu mzuri, na nausifu bila kusita: kikundi cha wavuvi au wafugaji kinaweza kuandika kwa niaba yake chenyewe, na wanaokisikiliza wanaijua nchi.

Hata hivyo fedha hizo zina asili, na asili hiyo inaleta sharti. Mfuko wa Mazingira Duniani uliundwa ili kulinda manufaa ya dunia nzima: bioanuwai, tabianchi, ardhi isiyogeuka jangwa, maji yanayovuka mipaka, na udhibiti wa kemikali hatari. Andiko la mikoko linapita kwa urahisi, kwa sababu mikoko huhifadhi kaboni na kaboni ni jambo la kila taifa. Andiko la kuusafisha mtaro mmoja wa mtaa mmoja lina kazi kubwa ya kujieleza. Kosa si la wajumbe wa kamati, kwani wanapima kwa kipimo walichopewa. Lakini watu wanaoumizwa na jirani mmoja, kwa sumu isiyotoka nje ya kata yao, hujikuta nyuma ya foleni.

Hatua inayofuata ni malipo. Ruzuku aghalabu hutolewa kwa awamu: sehemu ya kwanza baada ya kutia saini, ya pili baada ya ripoti ya kazi na ya fedha, na ya mwisho kazi inapokaribia kukamilika. Ripoti nayo hupimwa kwa viashiria, yaani alama zinazohesabika zinazoonyesha kwamba kazi imefanyika: idadi ya miche, semina, washiriki, wanawake miongoni mwao. Mfadhili ana sababu ya kudai hivyo, kwa kuwa fedha ni za walipa kodi wa mahali fulani au za mtoaji aliyeamini, na vikundi hewa vipo. Mwandishi anayelalamika juu ya risiti bila kukiri hilo hawatendei haki watu wa mifuko.

Athari yake kwa bajeti ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Tuseme kikundi cha wanawake wa mtaa ulio kando ya kiwanda kinaandaa andiko. Mistari ya kwanza ya bajeti inajiandika yenyewe: kukodi ukumbi, chai na chapati, nauli za washiriki, posho ya mwezeshaji, fulana zenye nembo, mabango, miche 500. Kila mstari una bei ya sokoni na mtu wa kuandika risiti. Halafu wanawake hao wanajaribu kuongeza mingine: kupima damu ya watoto 60, kupima udongo mahali kumi, nakala za kibali cha kiwanda, ada ya wakili, nauli za mashahidi kila kesi inapoahirishwa. Mhasibu wa mfuko anauliza kesi itaahirishwa mara ngapi. Kikundi hakijui, wakili hajui, na jaji mwenyewe hawezi kuahidi. Katika miezi 18 ya mradi, miche 500 itakuwa imepandwa na kupigwa picha. Kesi huenda bado inasubiri kutajwa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba haki isilipiwe. Inaachwa nje mstari kwa mstari, kila mmoja kwa sababu inayoonekana ya busara.

Chukua mstari mmoja tu, ule wa kupima damu. Mzazi atie saini ya ridhaa. Mtaalamu wa afya achukue damu kwenye mshipa wa mtoto na kuiweka katika kichupa kisicho na chembe za metali, kiandikwe jina, umri na tarehe. Kipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kupima risasi, ambayo si kila hospitali inayo. Majibu yarudi kwa mama kwa lugha anayoielewa. Kisha mama ataliuliza kundi lililompeleka huko swali moja: mwanangu atatibiwa wapi, na nani atalipa? Mradi uliotenga fedha za kupima bila kutenga chochote kwa jibu la swali hilo umemwongezea mzazi hofu na kumwacha nayo. Karatasi hizo za maabara, pamoja na za udongo na maji, ndizo pia zinazogeuka ushahidi mahakamani, na bila hizo semina bora ya elimu ya mazingira haiwezi kumlipa mkazi hata senti.

Mtu anaweza kujibu kwamba sheria ya Kenya imelegeza mzigo huo. Ni kweli kwa kiasi. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Huo ni mlango mpana, na vikundi vingi bado havijui kwamba uko wazi. Lakini mlango huo unafaa zaidi kwa kusimamisha au kuzuia kitendo. Anayetaka fidia ya mwili ulioumia lazima auonyeshe ulivyoumia, na tunarudi kwenye kichupa cha damu na gharama yake.

Marekani, ambako harakati ya haki ya mazingira ilipata nguvu baada ya maandamano ya mwaka 1982 ya kupinga jaa la sumu katika Kaunti ya Warren, North Carolina, kazi hizi mbili, elimu na haki, zilipewa madirisha tofauti. Sheria ya elimu ya mazingira ya mwaka 1990 ilizaa ruzuku za elimu, na shirika la serikali la mazingira, EPA, huieleza elimu hiyo kuwa isiyopigia debe msimamo wowote wala hatua yoyote mahususi. Ruzuku ndogo za haki ya mazingira zilianza mwaka 1994, kwa fedha chache. Mwaka 2022 sheria mpya ikatenga dola bilioni 3 kwa ruzuku za haki ya mazingira na tabianchi. Mwaka 2025 serikali iliyofuata ilifuta nyingi kati yake, na wapokeaji wakaenda mahakamani. Ruzuku ya kumhoji mwenye nguvu ina maadui, ilhali ya kufundisha watoto kutenganisha taka huwa na wachache. Mratibu yeyote wa mfuko anayetaka kumaliza mwaka salama ataelemea upande wa pili, hata asipokusudia.

Kwa haya yote elimu haipaswi kudharauliwa. Wakazi wa Owino Uhuru wasingeshtaki kama wasingejua kwanza kwamba vikohozi na mimba zinazoharibika huenda si mapenzi ya Mungu tu, kwamba kuna kitu kinachopimika, na kwamba kuna ofisi yenye wajibu. Elimu ya namna hiyo ndiyo inayomfikisha mtu kwenye haki: kusoma kibali, kuandika malalamiko yenye tarehe na kuomba muhuri wa kupokelewa, kujua siku za maoni ya wananchi kabla mradi haujaidhinishwa. Inagharimu pungufu ya fulana na mabango, na haipigwi picha vizuri. Kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuwa ya kwanza katika kila ruzuku inayojiita ya haki.

Hukumu yangu basi ni hii. Utaratibu wa ruzuku ndogo kama ulivyo unalipia elimu vyema na haki vibaya, na sababu kuu ni muda na namna ya kupima, kuliko nia mbaya. Mfuko unaotaka kutumia jina la haki utenge fungu la miaka mitano au zaidi, ukubali mistari ya vipimo, matibabu, wakili na usalama wa wanaotishwa, na upokee kama kiashiria malalamiko yaliyosajiliwa, kibali kilichochunguzwa upya, au kesi iliyofikishwa hatua fulani. Na kikundi chenye andiko mezani wiki hii kiongeze mistari hiyo kabla ya kutuma, hata kama fomu haina nafasi yake. Mratibu akiikata, kimwombe aandike sababu, kisha kiipeleke barua hiyo kwa kamati ya kitaifa, ambayo wajumbe wake wengi ni raia kama sisi na wanaweza kuomba fomu ibadilishwe.