Ndoo ya lita 20 na misuli ya mgongo wako

Simama wima. Weka vidole gumba viwili kiunoni kwa nyuma, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Unasikia kama kamba mbili nene? Hiyo ndiyo misuli iitwayo erekta spine. Inaanzia nyongani na kupanda hadi kwenye fuvu. Kazi yake ni kunyoosha mgongo, na ukiinama inakushikilia usiporomoke mbele.

Sasa inama taratibu, vidole vikiwa palepale. Misuli inakaza, si ndio? Endelea mpaka chini kabisa. Watu wengi wasio na maumivu ya mgongo husikia inalegea. Haijachoka, imeacha kazi, na mzigo umehamia kwenye ligamenti zinazofunga pingili.

Ndiyo maana namna unavyonyanyua ndoo si jambo dogo. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Misuli hii inavuta ikiwa kama sentimita 5 tu nyuma ya kiungo cha pingili. Ndoo ikiwa sentimita 40 mbele, piga hesabu ya wenzo uliyosoma shuleni: 20 × 40 ÷ 5. Ni kilo 160, na bado hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako! Isogeze ndoo mpaka sentimita 20, inabaki 80.

Kwa hiyo usiifuate ndoo kwa mkono, ifuate kwa miguu. Isogelee, kunja magoti, inyanyue ikiwa karibu na mwili. Maji ni yaleyale. Kilichopungua ni umbali.