Bustani Nne kwa Siku Moja, na Kanuni ya Saa Nane Mchana

Siku ya Idi hapa Mombasa, mtoto akishavishwa kanzu mpya na kupewa pesa zake za sikukuu, hakuna amwulizaye atakwenda wapi. Ataanza Makadara kwenye mabembea, akichoka atakwenda Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo, na akitaka atarudi tena Makadara. Kanuni aijuayo ni moja tu: pesa zikimwishia, arudi nyumbani.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari ya mahali ambapo starehe ya namna hiyo ilitiwa kanuni nyingine. Mtu alitakiwa aseme, kabla siku yenyewe haijafika, ataingia bustani gani kwanza, na ile ya pili hakuruhusiwa kuigusa mpaka ipige saa nane mchana. Mahali penyewe ni Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Kanuni hiyo ilidumu miaka mitatu na zaidi. Jamaa zetu walioko ughaibuni wengi waliionja, na wapo walioko hapa nyumbani wanaodhani ingali ipo, ndiyo sababu nimeonelea niieleze.

Yafaa kwanza msomaji apate picha ya ukubwa wa pahala. Kisiwa chetu cha Mombasa ni kilomita za mraba kumi na nne hivi. Ardhi ya Disney huko Florida ni kama mara saba ya kisiwa hicho. Ndani yake mna bustani nne za burudani zilizojengwa kwa nyakati mbalimbali: Magic Kingdom iliyofunguliwa Oktoba 1971, Epcot iliyofuata Oktoba 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 (wakati huo ikiitwa Disney-MGM Studios), na Animal Kingdom ya Aprili 1998. Hizi bustani hazikukaribiana hata mtu akavuka barabara tu akaingia ya pili. Kutoka Magic Kingdom kwenda Epcot watu hupanda treni ipitayo juu ya reli moja. Baina ya Epcot na Hollywood Studios, tangu 2019, kuna vigari vidogo vinavyoning'inia kwenye waya. Animal Kingdom ndiyo iliyojitenga kabisa, na aendaye huko hana budi apande basi au awe na gari lake.

Kuzuru bustani mbili au tatu kwa siku moja ni desturi ya zamani huko. Waamerika huiita kuruka, kama aruka panzi kutoka jani hadi jani. Ilipofunguliwa Epcot, wenye tiketi za siku nyingi walikwenda huku na huku wapendavyo. Tangu 2005 ruhusa hiyo ikawa inauzwa mbali, kama nyongeza juu ya bei ya tiketi. Hata hivyo, aliyekwisha kuilipia alikuwa huru: asubuhi kwa wanyama, adhuhuri kwa ngome ya binti mfalme, usiku kutazama fataki kwingine. Akibadili nia njiani ni shauri lake.

Ndipo likaja gonjwa la korona. Bustani zote zilifungwa Machi 2020, na zilipoanza kufunguliwa tena tarehe 11 Julai mwaka huo, mambo yalikuwa mengine. Mgeni alipaswa kuwa na tiketi, na juu ya tiketi awe amejiwekea nafasi kwa siku maalumu na bustani maalumu kwa njia ya intaneti. Mwenye tiketi asiye na nafasi hakuingia. Kuruka kulipigwa marufuku kabisa. Kukaruhusiwa tena tarehe 1 Januari 2021, lakini kwa sharti: uingie kwanza ile bustani uliyojiandikia, nayo mashine ya mlangoni ikutambue kuwa umeingia, kisha kuanzia saa nane mchana ndipo uende nyingine, ikiwa haijajaa. Mtu hakuweza kulala hotelini hadi mchana kisha aende moja kwa moja kwenye ile ya pili.

Wakati wa maradhi, nani atalaumu? Watu walikuwa wakihesabiwa misikitini na sokoni pia. Nami sioni ubaya wa mwenye nyumba kutaka kujua wageni wake ni wangapi kabla ya kuinjika sufuria.

Mimi nilifika huko Mei 2022, kanuni ikiwa katika nguvu zake. Nilifuatana na dada yangu mkubwa, mzaliwa wa Lamu kama mimi, tukamzuru mwanawe ambaye ana maskani yake na watoto Orlando. Dada hakuwa na haja na ngome za kifalme wala treni za kupinduka. Alikuwa amesikia kwamba katika Animal Kingdom mna kijiji kiitwacho Harambe, na kwamba kijiji hicho kimejengwa kwa mfano wa Lamu.

Habari hiyo ni ya kweli. Wachoraji wa bustani ile, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki kabla ya kuijenga, na mji wa Lamu ndio uliowapa sura ya kijiji chao cha bandari. Basi kuna Lamu ya mawe na chokaa, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, na kuna hii nyingine ya Florida ambayo ilitaka tiketi na nafasi.

Mpwa wangu alikuwa na Jumamosi moja tu ya mapumziko, na nafasi zake alikuwa amekwisha kuziandika mapema: Magic Kingdom, kwa ajili ya watoto.

"Mjomba," aliniambia usiku ule, "asubuhi ni ya watoto. Ikifika saa nane tutamchukua Mama tukamwonyeshe Lamu yake."

"Na mimi nikitaka kwenda asubuhi?" dada akauliza.

"Haiwezekani, Mama. Tumeandikwa kule."

"Tumeandikwa," akarudia, kama mtu asikiaye habari ya posa asiyoshauriwa.

Siku yenyewe ilikwenda kama alivyoipanga kijana. Wakati wa kiangazi saa za Marekani husogezwa mbele, kwa hivyo adhuhuri ya Orlando huingia karibu saa saba na nusu. Tukaswali pembeni, mahali penye kivuli, tukatoka tukapanda basi. Harambe tuliifikia alasiri. Hapa ndipo uzito wa ile saa nane unapofahamika, kwa kuwa Animal Kingdom kwa kawaida hufunga mapema kuliko wenzake. Saa nane ya Epcot humwachia mgeni jioni nzima na sehemu ya usiku. Saa nane ya Animal Kingdom humwachia siku iliyokwisha kuinama.

Tuliiona Harambe. Kuta zimepakwa chokaa, kisha zikafanywa zionekane zimebanduka kwa umri. Vibao vimeandikwa Kiswahili. Ukutani imeandikwa Uhuru 1961, ambayo kwa Mkenya ni mwaka wa Tanganyika, maana sisi tuliupata 1963, lakini jina la kijiji ni mwito wa Mzee Kenyatta uliopunguziwa herufi moja mwishoni. Kuna duka lenye jina la Mombasa. Kuna mkahawa uitwao Tusker House, jina ambalo kwetu halimpi Mwislamu hamu ya kuingia, ingawa wenyewe wamekusudia pembe za ndovu. Kutoka hapo watu hupakiwa kwenye malori ya wazi wakatembezwa kati ya twiga, ndovu na simba walio hai, safari ya chini kidogo ya nusu saa iliyopewa jina la Kilimanjaro.

Dada alitembea polepole akigusa kuta. Alisimama mbele ya nyumba moja muda mrefu, hata wajukuu wakaanza kumvuta mkono.

"Nyumba nimeziona," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

Mpwa wangu akacheka. Mimi sikuona la kujibu.

Nirudi kwenye kanuni. La kuulizwa si kwa nini iliwekwa, bali kwa nini ilibaki. Barakoa zilivuliwa, mipaka ya nchi ikafunguliwa, na nafasi zikaendelea kuandikwa. Sababu si ngumu kuifahamu. Mwenye bustani akijua wiki kadhaa kabla kwamba Jumanne wanakuja wangapi na wapi, anajua aajiri wapishi wangapi na treni ngapi zizunguke. Na zaidi ya hapo, anaweza kuchagua wageni. Yule wa tiketi ya mwaka, akaaye karibu, huja mara nyingi, hununua soda moja akarudi kula kwake. Mgeni wa mbali huja mara moja, akalala hotelini na kununua kofia kwa kila mtoto. Ripoti ya fedha ya kampuni ya Agosti 2022 ilitaja, kwa upande wa California, mchanganyiko wa wageni usiofaa. Wenye tiketi za mwaka walilielewa neno hilo kuwa ni wao, na wakalifanya mzaha wakalipiga chapa kwenye fulana wakazivaa.

Huko California bustani ni mbili: Disneyland yenyewe, ya Julai 1955, na Disney California Adventure ya Februari 2001. Milango yao inatazamana, umbali ambao mtu angeutembea akimaliza koni ya aiskrimu. Nako pia zilipofunguliwa tena 2021 iliwekwa saa ya kuruka, saa saba mchana, ikarudishwa nyuma hadi saa tano asubuhi Februari 2023. Kumzuia mtu asivuke uwanja huo mdogo kwa sababu ya saa ni jambo ambalo mimi, hata kwa kulitafutia udhuru, silioni lina maana.

Na California ndiko kanuni ilikofikishwa mahakamani. Mwaka 2021 iliuzwa tiketi ya mwaka iliyoitwa Dream Key, dola 1,399, ikanadiwa kuwa haina siku za kuzuiliwa. Mwenye tiketi mmoja alipotaka kujiandikia siku za Novemba akaambiwa nafasi zimekwisha, huku tiketi za kawaida za siku zile zile zingali zinauzwa. Akashtaki. Hoja yake ni ambayo hata mwuza samaki wa Mackinnon angeifahamu: umeniuzia kikapu kizima, sasa wanitolea mmoja mmoja. Kampuni haikukiri kosa, lakini mwaka 2023 ilikubali kutoa dola milioni 9.5 ili kesi iishe. Walioingia katika mgao walikuwa zaidi ya laki moja, kila mmoja akapata kama dola 67. Mwenye kupenda hesabu na agawanye.

Florida ilianza kulegeza. Aprili 2023 wenye tiketi za mwaka waliruhusiwa kuingia bila nafasi baada ya saa nane, isipokuwa Magic Kingdom siku za Jumamosi na Jumapili. Kisha tarehe 9 Januari 2024 wenye tiketi za kawaida zilizoandikwa tarehe wakaondolewa kabisa sharti la kujiwekea nafasi, na siku hiyo hiyo saa ya kuruka ikafutwa. Mwenye tiketi ya kuruka akawa huru tena tangu asubuhi. California haikufuata mwaka huo. Huko wageni waliendelea kuandikwa, na aendaye huko aulize kwanza ndipo anunue.

Uhuru huo, lakini, una bei yake. Mwaka 1971 mtu mzima aliingia Magic Kingdom kwa dola tatu na nusu, akanunua kuponi za michezo. Mwishoni mwa 2022 bei za siku moja zilitenganishwa bustani na bustani, na Magic Kingdom ikafika dola 189 siku za msongamano, nayo Animal Kingdom ikiwa ndiyo rahisi kuliko zote. Nyongeza ya kuruka iko juu ya hapo. Na ile njia ya kupita foleni haraka, ambayo tangu 1999 ilikuwa bure, tangu 2021 ni ya kulipia. Baba mwenye watoto wanne, nauli ya ndege kutoka Moi bado hajaitaja, atahitaji kukaa kitako na kalamu.

Kwa anayejaliwa kwenda, na akawa na siku moja tu na tiketi ya kuruka, ushauri wangu ni huu. Aanze Animal Kingdom, milango ikifunguliwa, wanyama wangali wakitembea kabla jua halijawalaza, na aitazame Harambe kabla haijajaa watu. Aondoke mchana kwa basi. Bustani ya jioni ni Epcot, ambayo kando ya ziwa lake mna mitaa ya nchi kumi na moja. Ya Afrika ni moja tu, Moroko, iliyofunguliwa 1984, ambayo Mfalme Hassan II alipeleka mafundi wake mwenyewe kuikata vigae na kuichonga plasta. Mnara wake umeigizwa kutoka ule wa msikiti wa Kutubia wa Marrakesh. Usiku, taa za maonyesho zikiwashwa ziwani, aketi upande huo.